Giaboksi imetoka kufumuliwa, safari ya kwanza gia zinaingia kwa kishindo: tatizo liko wapi?

Swali: Giaboksi ya otomatiki ya gia 6 ilishushwa, ikafumuliwa, ikawekwa pleti mpya za klachi na sili mpya, ikarudishwa. Safari ya kwanza tu, nikitoa P kuweka D gari linapiga kishindo. Kutoka ya 2 kwenda ya 3 inachelewa, kisha inaingia kwa nguvu. Nikikaribia kusimama gari linastuka kama limesukumwa kwa nyuma. Taa ya injini haijawaka. Fundi anasema niendelee kuendesha, giaboksi itazoea yenyewe. Ni kweli, au ninaiua?

Jibu: Fundi wako kasema nusu ya ukweli. Kompyuta ya giaboksi kama hii hujifunza: hupima kila klachi inachukua muda gani kujaa oili na kushika, kisha hurekebisha presha kidogo kidogo kadiri unavyoendesha. Lakini hujifunza vizuri pale tu oili ikiwa kwenye kimo chake, ikiwa ya aina yake, na waya zote zikiwa zimeshika. Moja kati ya hayo likikosekana, kompyuta itahangaika kufidia kasoro ambayo ilitakiwa kuondolewa kwa spana, na huku pleti mpya zinateleza na kuungua wakati wewe unasubiri zizoee. Kwa hiyo usilipeleke kwenye shughuli zako kwanza. Kuna vipimo kadhaa, na vingi havihitaji kushusha giaboksi tena.

Cha kwanza hakina gharama: mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika). Giaboksi ikihama kutoka ya 2 kwenda ya 3, klachi moja inaachia na nyingine inashika kwa wakati uleule. Kupishana huko huchukua chini ya sekunde moja, na kunaweza kuharibika kwa namna mbili zenye dawa tofauti kabisa. Mchukue mtu wa pili atazame dashibodi, wewe utazame barabara. Ondoka polepole, pedali ya mafuta robo hivi, mguu usichezecheze. Gia inapotaka kubadilika, je, rpm inaruka juu, tuseme 200 au 300 au zaidi, halafu ndipo inadakwa kwa kishindo? Hapo klachi ya zamu imeachia kabla ya mwenzake kushika, injini ikabaki haina mzigo kwa kitambo kidogo. Sababu zake ni oili pungufu, hewa ndani ya oili, presha ndogo au sili inayovujisha. Au rpm haipandi kabisa, ila gari linazuiwa ghafla kama mtu kagusa breki, kisha mshale unashuka kwa mkupuo? Hapo klachi mbili zimeshika kwa pamoja, au presha ni kubwa kupita kiasi.

Ukisema ya 3 "inachelewa kisha inaingia kwa nguvu", mimi nasikia namna ya kwanza. Ukisema D inapiga kishindo gari likiwa limesimama, nasikia namna ya pili. Dalili mbili zinazovutana hivi mara nyingi hazitokani na kitu kimoja kilichovunjika ndani. Ningeshuku mambo mawili yaliyokutana: oili haijafika kimo, na kompyuta bado inafanya kazi kwa kumbukumbu za klachi za zamani.

Tuanze na oili, maana ndiyo inayokosewa zaidi baada ya kufumua. Kwenye sevisi ya kawaida, ukifungua sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) hutoka lita 3 hadi 4 tu. Giaboksi nzima, ukijumlisha konveta (ngoma ya oili inayounganisha injini na giaboksi), rejeta yake ndogo ya kupoozea na mabomba, hubeba kati ya lita 6 na 10 kutegemea gari. Giaboksi iliyofumuliwa imerudi na konveta tupu au nusu tupu. Fundi akimimina kiasi alichozoea cha sevisi, akaona inamwagika kwenye tundu la kupimia, akafunga, basi mara tu injini ikiwashwa pampu itavuta oili kujaza konveta na sampu itabaki karibu kavu. Gari litaondoka, gia zitaingia, lakini kila kona na kila mlima pampu itakuwa inameza hewa.

Giaboksi nyingi za gia 6 hazina kijiti cha kupimia. Hupimwa hivi. Gari liwe juu ya lifti au shimo, tena limelala sawa kabisa, pua isiinuke. Mashine ya kupimia (skana) iunganishwe ili usome joto la oili ya giaboksi, siyo joto la maji ya injini. Washa injini oili ikiwa bado ya baridi, mguu kwenye breki, pitisha mkono wa gia P, R, N, D na kurudi, kila mahali sekunde 3 hadi 5. Acha injini inanguruma. Joto likikaribia nyuzi 40, fungua nati ya kupimia. Toyota nyingi za aina hii hutaka kati ya 35 na 45, na ZF 6HP (giaboksi ya gia 6 ya Kijerumani) hutaka kati ya 30 na 50. Oili itoke uzi mwembamba, ielekee kuwa matone, hapo funga. Isipotoka kitu, ongeza mpaka itoke. Zile zenye kibomba kidogo ndani ya tundu zitadondosha oili iliyokuwa imelala kwenye kibomba hata kama kimo ni kidogo, kwa hiyo usidanganyike na matone ya mwanzo.

Makosa ni mawili, na yote yanaishia kwenye oili pungufu. La kwanza ni kupima injini ikiwa imezimwa: oili yote imerudi chini, ukifungua inabubujika, unadhani imezidi. La pili ni kupima ikiwa ya moto, nyuzi 70 au 80: oili imepanuka, inamwagika, unafunga ukiridhika, na kesho asubuhi ikiwa ya baridi giaboksi ina upungufu. Kumbuka sheria hiyo ni ya giaboksi zenye nati ya kupimia. Zenye kijiti kwa kawaida husomwa kwenye alama ya moto, nyuzi 70 hadi 80, injini ikinguruma. Honda wao wana utaratibu wao: zima injini kwanza, kisha pima ndani ya sekunde 60 hadi 90.

Kuzidisha nako si salama. Oili ikifika kwenye sehemu zinazozunguka inapigwa mpaka inatoa povu, na povu linabonyea ambapo oili haibonyei. Klachi inasukumwa kwa presha legevu, nayo inateleza vilevile kama ambavyo ingefanya oili ikiwa pungufu. Oili inayotoka kwenye tundu ikiwa na vipovu vidogo vidogo kama bia, ama imezidi, ama pampu inavuta hewa. Chanzo maarufu cha hewa kwenye giaboksi iliyofumuliwa ni ule mpira wa duara kwenye shingo ya filta. Unasahauliwa, unakatika wakati wa kubandika, au ule wa zamani umebaki juu na mpya ukawekwa juu yake. Dalili yake ni mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na rpm, na D inayochelewa.

Kuchelewa huko kunapimika. Oili ikiwa ya moto kawaida, gari tambarare, handibreki juu na mguu kwenye breki, hesabu muda kuanzia unapotoa N kuweka D mpaka uhisi imeshika. Kiwango kinachotumika kwenye Toyota ni chini ya sekunde 1.2 kwa D na chini ya 1.5 kwa R. Rudia mara tatu, ukipumzika dakika moja katikati, uchukue wastani. Ikifika sekunde 2 au 3, kuna upungufu wa oili, hewa, au presha ndogo. Usiache mpaka ujue ni kipi.

Aina ya oili nayo usiikadirie kwa rangi, kwa kuwa nyingi ni nyekundu na hazifanani kitabia. Oili ya Toyota WS ni nyepesi kuliko T-IV na moja haichukui nafasi ya nyingine, na ZF 6HP ina oili yake. Kemikali za msuguano zilizomo ndizo zinazoamua klachi ishike kwa ulaini au kwa kukwaruza. Uliza chupa zilizotumika, zisome mwenyewe. Kama chupa imeandikwa inafaa kila giaboksi ya dunia hii, CVT (giaboksi isiyo na gia za hatua) ikiwemo, mimi ningeimwaga yote na kuanza upya. Na oili ikitoka na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na nyekundu, maji ya rejeta yameingia kupitia kipoozeo. Zima gari hapohapo, kwa sababu maji huharibu gundi ya pleti.

Oili ikiwa sawa, hamia kwenye kumbukumbu. Pleti za zamani zilipochakaa zilikuwa na nafasi kubwa kati yake, kwa hiyo pistoni ya klachi ilihitaji oili nyingi zaidi ili ifike na kubana. Kompyuta ilijifunza hivyo kwa miaka, ikawa inatuma ujazo mrefu. Sasa umeweka pleti mpya zenye nafasi ndogo, ila kompyuta inatuma ujazo uleule, na klachi inabamizwa. Hicho ndicho kishindo cha D na mstuko wa kusimama, ambapo gia inashuka kwenda ya 1 huku injini haina nguvu ya kuficha kosa lolote.

Kuchomoa betri hakutoshi, maana kompyuta nyingi hutunza kumbukumbu hizi hata umeme ukikatika. Inatakiwa mashine yenye uwezo wa kuingia kwenye kompyuta ya giaboksi na kufuta thamani zilizojifunzwa. Kwenye mashine ya Toyota sehemu hiyo hujitegemea, haifutwi pamoja na kodi (namba za hitilafu) za kawaida. Kuna giaboksi pia zenye kibandiko cha namba za marekebisho ya solenoidi (valvu ndogo za umeme zinazoongoza oili). Kama valvu bodi (sehemu yenye njia na valvu za oili) ilibadilishwa, namba za ile mpya lazima ziandikwe kwenye kompyuta, vinginevyo inaamuru presha moja na inatoka nyingine.

Baada ya kufuta, ndipo kauli ya fundi wako ya "itazoea" inapopata maana, na bado kuna namna ya kuizoesha. Subiri oili ifike nyuzi 60 hadi 90. Simama, hamisha N kwenda D, subiri sekunde 5, rudi N, rudia mara kadhaa, kisha fanya vivyo hivyo kwa R. Halafu ondoka kwa pedali nyepesi isiyobadilika mpaka gia zote zipande, uachie mafuta, ulipunguze mwendo taratibu mpaka lisimame lenyewe bila kukanyaga breki kwa nguvu. Rudia mara kumi hivi kwenye barabara tulivu. Kila gari lina utaratibu wake kitabuni na huo ndio wa kufuatwa ukipatikana. Kukanyaga mafuta mpaka chini katika hatua hii hakufundishi kitu zaidi ya kuchosha pleti. Ukiona kila mzunguko una nafuu kuliko uliopita, uko njiani. Ikibaki vilevile au ikazidi, acha kuzoesha, tatizo ni lingine.

Kabla ya kurudi ndani ya giaboksi, itazame injini. Betri ilichomolewa wakati wa kazi, na magari mengi hupoteza kumbukumbu ya kiwango cha hewa, hivyo sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda. Gari likiwa limesimama ndani ya D, injini inapaswa kunguruma kati ya rpm 600 na 800 kwa magari mengi. Ikiwa 1,100, hata giaboksi nzima kabisa itagonga ukiweka D. Kagua pia mauntingi (mipira inayoshikilia injini na giaboksi), kwa sababu zililegezwa ili giaboksi itoke: boneti wazi, dereva kakanyaga breki sana, abadilishe D na R, na wewe ukiwa pembeni, kamwe usisimame mbele ya gari, utazame injini inainuka kiasi gani. Kama gari lako linasukumwa na magurudumu ya nyuma, ule mstuko wa "kusukumwa kwa nyuma" wakati wa kusimama unaweza kuwa ni meno ya propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) yaliyorudishwa makavu bila grisi, yakinata na kuachia. Ni kazi ya nusu saa, na watu wamewahi kufumua giaboksi kwa sababu yake.

Umeme sasa. Taa kutowaka si ushahidi kwamba hakuna kodi. Kompyuta ya giaboksi ipimwe yenyewe, na kodi zilizolala zisomwe pia. P0715 na P0720 ni sensa za mzunguko wa kuingia na kutoka. P0710 ni sensa ya joto la oili. P0745 ni solenoidi ya presha. P0733 inasema gia ya 3 hailingani na uwiano wake, yaani kuna kuteleza kweli. Ukiwa na mashine, tazama joto la oili linavyosomeka: likionyesha nyuzi 40 chini ya sifuri huku gari ni la moto, waya wa sensa umekatika au soketi haijaingia, na kompyuta inabadilisha gia kana kwamba iko kwenye barafu.

Solenoidi ya presha katika giaboksi nyingi imetengenezwa hivi: umeme ukikatika, presha inakwenda juu kabisa, ili klachi zisiungue. Kwa hiyo kila gia ikiingia kwa kishindo, D, R na zote za kupanda, wala rpm hairuki hata mara moja, anza na soketi kubwa ya giaboksi kabla ya kitu chochote. Ichomoe, tazama pini iliyopinda au iliyorudi nyuma, na oili iliyopenya. Kwenye Toyota nyingi solenoidi za kufungua na kufunga husoma ohm 11 hadi 15, na ya presha ohm 5.0 hadi 5.6, kwa nyuzi 20. Kisha waya wa bodi (ethi) wa giaboksi, ambao husahaulika ukining'inia: weka mita ya volti kati ya ganda la giaboksi na ncha hasi ya betri, injini ikiwa imewashwa pamoja na taa na feni. Ikizidi volti 0.1, kuna muunganiko mbovu.

Yote yakiwa safi na ya 3 bado inaruka rpm, ndipo tunazungumzia ndani. Kuna kipimo kimoja kizuri ambacho hakihitaji spana. Kwenye ZF 6HP, na nyingine zenye mpangilio huohuo wa gia, klachi inayoingiza ya 3 ndiyo hiyohiyo inayofanya kazi kwenye ya 5 na kwenye R. Basi angalia: R nayo inachelewa au inateleza ukipanda mlima kwa kurudi nyuma? Ya 4 kwenda ya 5 inaruka rpm? Zikikubaliana zote tatu, klachi hiyo inapoteza presha: sili ya pistoni imekunjwa wakati wa kuingiza, pete za kuziba kwenye shafti zimekatika, au nafasi ya pleti iliachwa kubwa. Zisipokubaliana, ya 3 peke yake ndiyo mbaya, ningeelekea valvu bodi: valvu iliyonata kwa uchafu, kijigololi kilichowekwa tundu lisilo lake, springi zilizobadilishana. Uchafu huo mara nyingi hutoka kwenye kipoozeo ambacho hakikusafishwa, kikabaki na vyuma vya giaboksi iliyokufa na kuvirudisha kwenye mpya ndani ya kilomita za mwanzo.

Kipimo cha kumaliza ubishi ni geji ya presha, iwe na uwezo wa bar 20 au zaidi, kwenye tundu la kupimia presha. Usomaji halali ni ule wa kitabu cha giaboksi yako. Presha ikiwa ndogo kwenye kila gia, ni pampu, filta au valvu ya kurekebisha. Presha kuu ikiwa nzuri na gia moja tu inateleza, uvujaji uko kwenye njia ya klachi hiyo, na hapo giaboksi inashuka bila mjadala. Kile kipimo cha kukanyaga breki na mafuta yote kwa pamoja usikifanye kwa sasa. Kinapika oili haraka, kikomo chake ni sekunde 5, na kwa giaboksi yenye kuteleza ni kuichoma makusudi.

Wakati wote wa majaribio, simama ukiona rpm inapanda na gari halivuti, R ikitoweka, harufu ya kuungua ikiingia ndani, oili ikipita nyuzi 120, au mlio wa chuma kusagana ukitokea. Mlio wa namna hiyo mara tu baada ya kuwasha injini kwa mara ya kwanza ni hatari zaidi, kwa kuwa unaweza kumaanisha konveta haikuingia mpaka mwisho ndani ya pampu kabla bolti hazijakazwa. Gari likibebwa kurudi kwa fundi, magurudumu yanayovuta yasiguse ardhi: injini ikizimwa pampu haizunguki, na giaboksi inayozungushwa na magurudumu inasagika ikiwa haipati oili.